Sura ya 7: Bundi wa Mfukoni

Kila nikiitoa sarafu yangu kubwa ya shaba mbele ya wageni, swali huwa moja, na huulizwa kwa jicho la kunihurumia. "Hii ina karibu miaka elfu moja na mia tano, halafu umeinunua kwa bei ya raba za mtumba? Ndugu yangu, umepigwa."

Wana haki ya kushangaa. Vitu vya kale tumezoea kuviona nyuma ya kioo cha makumbusho, na kibao cha "Usiguse" kando yake. Mlango wa kuchongwa wa Mji Mkongwe wenye miaka mia na hamsini unagombewa na wenye hoteli. Kitu chenye umri mara kumi ya huo kinawezaje kupita mkono kwa mkono mezani kama kikombe cha kahawa? Ama ni feki, ama kimeibwa, ama mwenye nacho anatupiga fiksi.

Jibu fupi ni kwamba sarafu za kale za Wagiriki, na za Bizanti waliowafuata, zimebaki nyingi mno. Jibu refu linahitaji sura nzima, maana ukishajua kwa nini ni nyingi utaanza kuuliza ni kitu gani hasa kilicho adimu ndani yake.

Kopo nyuma ya jiko

Mfikirie bibi asiye na akaunti ya benki wala simu ya kutunzia pesa. Akiuza ng'ombe, hela inaingia kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo linafukiwa nyuma ya jiko, na mahali pake anapajua yeye na Mungu wake. Sasa ziondoe benki zote duniani, ondoa na noti, halafu weka vita kila baada ya miaka michache. Ndivyo watu wengi wa pwani za Bahari ya Kati walivyoishi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Askari alilipwa fedha, akaifukia chunguni kabla ya kwenda vitani, asirudi. Mfanyabiashara alisikia maadui wamefika bonde la pili, akaficha akiba chini ya sakafu, akakimbia na watoto. Vyungu vikabaki. Wakulima na wajenzi wa barabara wamekuwa wakivigonga kwa majembe yao tangu zamani, na siku hizi wapo wanaozunguka mashambani na vifaa vya kunusa madini ardhini.

Halafu hata zilipotengenezwa, sarafu hizi hazikuwa chache. Alexander Mkuu alipoteka hazina za wafalme wa Uajemi aligeuza dhahabu na fedha yao kuwa mishahara ya majeshi. Miji mingi iliendelea kutoa sarafu kwa jina lake hata baada ya yeye kufa mwaka 323 KK, kwa muda unaokaribia miaka mia mbili: upande mmoja shujaa Herakles amevaa ngozi ya kichwa cha simba, upande wa pili mungu Zeus ameketi, tai mkononi. Leo sarafu hizo ni za kawaida katika minada kama mihogo sokoni.

Kwa hiyo umri peke yake hauna bei. Soko huangalia madini, hali ya sarafu, uzuri wa mchoro na idadi ya zilizobaki. Mwezi Mei 2023, mjini Zurich, sarafu moja ya dhahabu ya Panticapaeum, mji wa Kigiriki ulioko Kerch ya leo katika rasi ya Crimea, iliuzwa kwa karibu dola milioni 6. Ina uso wa zimwi lenye ndevu na masikio ya mnyama, umechongwa kwa ustadi unaotisha. Ni sarafu ya karne ya 4 KK. Katika karne hiyo hiyo miji mingine ya Kigiriki ilikuwa ikitoa vishaba vidogo vya kununulia mboga, na hivyo leo unavipata kwa dola 20.

Nyundo na mkono wa mtu

Kabla ya kununua chochote, elewa sarafu hizi zilivyotengenezwa. Nusu ya ujuzi wa mkusanyaji unatoka hapo.

Fundi alikuwa na chapa mbili. Chapa ni kipande cha chuma au shaba ngumu kilichochongwa picha kinyumenyume, kama muhuri wa ofisini. Ya chini ilikazwa kwenye fuawe, lile pande ambalo mhunzi hufulia chuma. Juu yake paliwekwa kidonge cha fedha au shaba kilichopimwa uzito, mara nyingi kikiwa kimepashwa moto. Fundi akaweka chapa ya pili juu, akainua nyundo, akagonga. Chapa ziliota nyufa, zikachakaa, zikatupwa, zikachongwa nyingine kwa mkono.

Ndiyo maana hakuna mbili zinazofanana kabisa. Mfalme hapa amekatwa kisogo, pale maandishi yamemwagika nje ya ukingo, kwingine nyundo imeruka na pua zikawa mbili. Mgeni huona kasoro. Mzoefu anafurahi, kwa sababu anauona mkono wa mtu aliyekuwa na haraka ya kumaliza kazi kabla jua halijazama.

Ndege wa mkosi, ndege wa hekima

Kwetu bundi akilia juu ya paa usiku, watu hunyamaza na kutazamana. Waathene walimbeba mfukoni. Alikuwa ndege wa Athena, mungu wa kike wa hekima na mlinzi wa mji wao, na picha yake ikagongwa kwenye sarafu ya fedha yenye gramu 17.2 hivi: upande wa mbele uso wa Athena mwenyewe, upande wa nyuma bundi mwenye macho makubwa, tawi la mzeituni na herufi tatu za jina la mji. Watu waliziita "bundi" tu, kama sisi tulivyoziita noti nyekundu "msimbazi".

Fedha hiyo ilitoka Laurion, kusini mashariki mwa Athens, ambako maelfu ya watumwa walitambaa kwenye mashimo yasiyomtosha mtu kusimama. Nasema hili kwa sababu vitabu vingi vya sarafu hulipita mbio kuwahi kusifu mchoro. Mwaka 483 KK ilipopatikana fedha nyingi huko, wananchi walitaka kugawana. Mwanasiasa Themistocles akawashawishi wajenge merikebu za vita badala yake, na mwaka 480 KK merikebu hizo ziliwashinda Waajemi katika mlango wa bahari wa Salamis. Bundi wengi walio sokoni leo ni wa vizazi vilivyofuata ushindi huo, Athens ilipokuwa ikikusanya kodi kwa visiwa vingi vya jirani.

Sarafu ya bundi ilikuwa na thamani ya drakma nne. Neno drakma maana yake konzi, yaani kiasi kinachojaa mkononi. Kabla ya sarafu, inasimuliwa, Wagiriki walitumia vijiti vya chuma kama fedha, vijiti vile vile vya kuchomea nyama. Kimoja kiliitwa oboli, na konzi moja ilishika sita. Hivyo drakma moja ikawa oboli sita hata baada ya vijiti kugeuka fedha. Kwa maneno mengine, hesabu ya fedha ya Wagiriki ilianzia kwenye mishikaki. Oboli ya fedha ilikuwa ndogo kama punje, chini ya gramu moja, na watu wa Athens walipokwenda sokoni waliiweka shavuni ili isipotee. Usiilambe ukiipata.

Penye sarafu inayoaminika pana mwigaji. Bundi wengi wana chale, mkato mmoja mzito uliopigwa kwa patasi mpaka ndani, mara nyingi usoni pa Athena au mgongoni pa ndege. Mwanzoni niliziona ni uharibifu. Baadaye nikaelewa kwamba mwenye duka alikuwa akichungulia kama ndani ni fedha au ni shaba iliyovikwa ngozi ya fedha. Mwaka 375/374 KK Athens ilipitisha sheria kamili juu ya jambo hilo, na jiwe lililoandikwa sheria hiyo limepatikana. Mtahini wa umma, naye alikuwa mtumwa, aliketi kila siku sokoni penye meza za wabadili fedha. Sarafu nzuri ilirudishwa kwa mwenyewe na hakuna muuzaji aliyeruhusiwa kuikataa; akiikataa, ananyang'anywa bidhaa alizoleta siku ile. Sarafu yenye kiini cha shaba au risasi ilikatwa papo hapo na kutwaliwa.

Bundi mzuri leo ni mamia ya dola, na aliye bora huvuka elfu. Mwenye chale hupungua bei. Ningekuwa wewe ningemchukua huyo mwenye chale, maana amekwisha kufanyiwa mtihani.

Herufi M

Simshauri mtu aanze na bundi, hata hivyo. Anza na shaba ya Bizanti.

Bizanti ni jina walilopewa baadaye. Wao wenyewe walijiita Warumi mpaka siku ya mwisho. Ndiyo ile nusu ya mashariki ya Dola la Roma, iliyozungumza Kigiriki, iliyoamini Kristo, na iliyotawaliwa kutoka Constantinople, Istanbul ya leo, tangu mwaka 330 hadi mji ulipotekwa na Waturuki mwaka 1453. Wasomi huanza kuhesabu sarafu zake mwaka 498, kaisari Anastasius alipochoshwa na vishaba vidogo visivyo na thamani, vilivyohesabiwa kwa mafungu, akatoa sarafu kubwa zenye thamani iliyoandikwa wazi. Wagiriki walitumia herufi kama tarakimu, basi ukizijua nne tu unaweza kusoma:

- M ni 40. Sarafu hii iliitwa follis, neno la Kilatini lenye maana ya mfuko.
- K ni 20, nusu yake.
- I ni 10.
- E ni 5.

Sarafu niliyowaonyesha wageni ni follis ya Justinian. Niliipata kwenye gulio la sarafu mjini London nilipokuwa mwanafunzi, kwa dola 35 hivi, na ni pana kuliko sarafu yoyote iliyo mfukoni mwako. Upande wa mbele kaisari anatutazama ana kwa ana, kofia ya vita kichwani, tufe lenye msalaba mkononi. Upande wa nyuma pana M kubwa, na juu yake msalaba. Chini kabisa pameandikwa CON, yaani imetengenezwa Constantinople. Kushoto ni ANNO, "katika mwaka", na kulia ni XV, kumi na tano. Justinian alianza kuandika mwaka wa utawala wake kwenye shaba tangu mwaka wake wa 12, na kwa kuwa alitawazwa mwaka 527, sarafu hii ilitoka kiwandani kati ya 541 na 542.

Hapo ndipo nilipokaa chini. Mwaka 541 tauni ilikuwa imeonekana Pelusium, bandari ya Misri. Majira ya kuchipua ya 542 iliingia Constantinople, na watu wakafa kwa wingi hata makaburi yakakosekana. Kaisari mwenyewe aliugua akapona. Fundi aliyegonga follis yangu aliigonga katika miezi ya mwisho kabla ya hayo. Aliyekuja kuitumia kununua mkate huenda aliitumia katika mji ambao nusu ya maduka yamefungwa. Hakuna kitu kingine nyumbani kwangu kinachobeba tarehe kama hiyo, na sikuhitaji kuwa tajiri ili niishike.

Mwairishi Philip Grierson aliingia katika mambo haya kwa njia hiyo hiyo. Alikuwa mwalimu wa historia Cambridge, na mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia alikuta katika vitu vya baba yake sarafu moja ya shaba ya kaisari Phocas, yule aliyetawala 602 hadi 610. Hakuijua, akataka kuijua. Alipofariki mwaka 2006 aliliachia Jumba la Makumbusho la Fitzwilliam sarafu zaidi ya 20,000, nyingi zikiwa za Zama za Kati, naye alikuwa amekuwa bingwa wa sarafu za Bizanti duniani.

*Kwa ufupi hadi hapa: sarafu za kale ni nyingi kwa sababu zilitengenezwa kwa wingi na kufukiwa kwa wingi, kila moja ni tofauti kwa sababu iligongwa kwa mkono, na shaba yenye tarehe, inayosomeka, humfundisha anayeanza kuliko fedha inayong'aa.*

Karati, pishi ya ngano na fulusi

Dhahabu ya Bizanti ni ya wenye nacho, lakini habari zake ni za bure. Constantine aliianzisha mwanzoni mwa karne ya 4: ratili moja ya Kirumi ya dhahabu ilitoa sarafu 72, kila moja gramu 4.5 hivi. Iliitwa solidus, imara. Uzito wake ulihesabiwa kuwa sawa na mbegu 24 za mti wa karobu, na mbegu hiyo Wagiriki waliiita keration. Ndiyo karati. Sonara anapokuambia mkufu wa bibi harusi ni wa karati 22, anakuambia kwamba katika sehemu 24 za solidus mbili si dhahabu.

Kwa karne saba hivi solidus haikuchezewa, na sifa yake ilivuka Bahari ya Hindi. Mfanyabiashara wa karne ya 6, Cosmas, aliyewahi kufika bandari ya Adulis katika pwani ya Eritrea ya leo, alisimulia kisa cha mwenzake Sopatros aliyefika Sri Lanka akakutana na Mwajemi mbele ya mfalme wa huko. Mfalme akauliza, kati ya watawala wenu ni nani mkubwa? Mwajemi akajisifu. Sopatros akasema, wafalme wote wawili unao hapa, watazame. Akaletewa sarafu mbili: ya Mwajemi ya fedha, ya Mrumi ya dhahabu safi. Mfalme akazigeuzageuza, akatoa hukumu bila maneno mengi. Cosmas alikuwa Mrumi, kwa hiyo kisa chake tukipokee na chumvi kidogo, lakini sarafu za dhahabu za Bizanti zimefukuliwa kusini mwa India.

Karne ya 11 mambo yaliharibika. Kaisari mmoja baada ya mwingine alipunguza dhahabu na kuongeza fedha. Chini ya Michael VII, aliyetawala 1071 hadi 1078, bei zilipanda hata sarafu ya dhahabu ikanunua kipimo cha ngano kilichopungua robo. Watu wakampa jina Parapinakes, ambalo kwa lugha ya sokoni kwetu lingekuwa Bwana Pishi-Kasorobo. Kaisari Alexios alipotengeneza upya mfumo wa fedha mwaka 1092, sarafu nyingi zilikuwa zimebonyea katikati kama kisosi. Kwa nini walizibonyeza, wataalamu bado wanabishana. Binafsi naona ni rahisi kuziokota mezani.

Nasi tumo katika hadithi hii kwa ulimi. Waarabu walipozitwaa Shamu na Misri katika karne ya 7 walizikuta sarafu hizi mikononi mwa watu, wakaendelea kuzitumia, hata kuziiga pamoja na ile M. Kisha kaisari Justinian II akaweka uso wa Kristo kwenye dhahabu yake, na miaka michache baadaye, mwaka 77 Hijria, Khalifa Abdul-Malik bin Marwan akatoa dinari isiyo na sura ya mtu yeyote, maandishi matupu. Picha zikaondoka, majina yakabaki. Drakma ilipitia kwa Waajemi ikawa dirhamu, zile zile anazohesabu ndugu yako aliyeko Dubai mwisho wa mwezi. Denari ya Kirumi ikawa dinari. Follis ikawa fals, wingi wake fulus, na wazee wa pwani wakasema fulusi wakimaanisha pesa, mbali na yule samaki mwenye jina hilo.

Wazee wanaokwenda matembezi

Tuje kwenye hofu ya wageni wangu: feki. Ni hofu ya kweli na ya zamani. Mjerumani Carl Wilhelm Becker, aliyezaliwa 1772 na kufa 1830, alichonga chapa za sarafu za kale kwa ustadi uliowapiga chenga wasomi wa zama zake. Ili sarafu zake mpya zizeeke, alizitia kwenye sanduku lenye unga wa chuma na mafuta, akalifunga kwenye gari lake la farasi na kusafiri nalo njia mbovu. Alisema anawatembeza wazee wake. Siku hizi feki za Becker zenyewe zina wakusanyaji wake, jambo ambalo nadhani lingemchekesha.

Mwigaji wa kawaida hana ustadi wa Becker. Anachukua sarafu halisi, anatengeneza kalibu kwa kuikandamiza, anamimina madini. Kwa huyo unahitaji kioo cha kukuzia, mizani ya sonara na subira:

- Pima. Bundi wa gramu 14 si bundi.
- Tazama ukingo. Kalibu ina vipande viwili, na vinapokutana huacha mshono kama wa chupa ya plastiki, au alama za tupa iliyoufuta.
- Tazama uso wake kwa kioo. Madini yaliyomiminwa huacha vitundu vya mapovu na mistari laini kama sabuni iliyotumika. Nyundo huacha mistari mikali.
- Tafuta pacha. Kumbuka nyundo: ukikuta sarafu mbili zenye mkwaruzo ule ule, zimepinda mahali pale pale, basi angalau moja ni ya kalibu.

La mwisho ndilo lililowahi kuniokoa. Kijana mmoja aliniletea bundi, nami nilikuwa nimeshaanza kuhesabu hela, akatoa mfukoni wa pili "kwa bei ya jumla". Walikuwa na jeraha moja sikioni, wote wawili.

Ukiwa Athens au Istanbul, bundi na Alexander wanaouzwa na wachuuzi penye magofu ni wa kupamba rafu. Na ikiwa kwa bahati mbaya ni halisi, tatizo lako ni kubwa zaidi, kama utakavyoona.

Usiisugue

Utunzaji naupitia haraka. Usisafishe sarafu ya shaba kwa ndimu, majivu wala dawa ya meno. Ule utando wa kijani au kahawia umechukua karne nyingi kukua, na ukiubandua umebandua nusu ya bei. Unga wa kijani mpauko unaokuja upya kila ukiufuta ni ugonjwa: chumvi iliyo ndani ya shaba inaila ikipata unyevu, na sarafu hiyo itengwe na wenzake. Sisi wa pwani tuna unyevu wa kugawa, kwa hiyo vile vijifuko vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe. Epuka mifuko laini ya plastiki inayonuka kama pazia jipya la bafuni. Hutoa majimaji yanayounguza madini. Bahasha ndogo ya karatasi isiyo na asidi inatosha.

Nasaba

Sasa kilicho adimu. Wakusanyaji wana neno la ukoo wa sarafu, nami naliita nasaba: ilitoka ardhi gani, lini, ikapitia mikono ya nani, kwa hati gani.

Mwaka 1984 karibu na Elmalı, kusini mwa Uturuki, watafuta hazina walifukua sarafu za fedha zipatazo 1,900, wakazivusha nje kwa siri. Ndani yake mlikuwa na sarafu za Athens za drakma kumi, ambazo kabla ya hapo zilijulikana chache sana duniani. Kesi ilichukua miaka mingi, na mwaka 1999 sehemu kubwa ilirudishwa Uturuki. Mfano wa karibu zaidi ni sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Caesar, yenye majambia mawili na tarehe ya mauaji. Iliuzwa London mwaka 2020 kwa zaidi ya pauni milioni 3. Nasaba iliyoandikwa kwenye orodha ya mnada ilikuwa ya uongo, na mwaka 2023 waendesha mashtaka wa Manhattan waliikabidhi kwa Ugiriki.

Sheria ya Uturuki na ya Ugiriki hairuhusu mtalii kuondoka na kitu cha kale mfukoni, hata kishaba kimoja cha bahati. Mkataba wa UNESCO wa 1970 umekuwa mstari ambao wanunuzi makini huuangalia: ilikuwa tayari nje ya nchi yake kabla ya hapo, na hati ipo? Nasi tuna yetu. Anayeokota visarafu vya shaba vya masultani wa Kilwa ufukweni baada ya maji kupwa yuko chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

Lakini nasaba haihusu polisi peke yao. Mwaka 1912 ofisa wa Kiingereza aitwaye Haywood alifika Bur Gao, kusini mwa pwani ya Somalia, si mbali na mpaka wa Kenya, na baadaye akasema alipata pale chungu cha sarafu. Orodha ilipochapishwa mwaka 1932, ilikuwa na wafalme wa ukoo wa Ptolemy, Wagiriki waliotawala Misri. Ilikuwa na makaisari wa Roma. Ilikuwa na shaba za karne ya 4. Fikiria maana yake kwetu: mabaharia wa Kigiriki walikuwa wameandika juu ya pwani hii ya Azania na soko lake la Rhapta tangu karne ya 1, na sasa hizi hapa hela zao. Ila katika orodha hiyo hiyo zimo pia sarafu za Wamamluki, watawala wa Kiislamu wa Misri, na za Waturuki wa Osmani, waliokuja zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Chungu kimoja hakijazwi kwa miaka elfu moja na mia tano. Je, ni vyungu viwili vilivyochanganywa? Ni mkusanyiko wa mtu, ulionunuliwa Misri ukaangukia pwani? Hakuna aliyechora mahali ilipokuwa kila sarafu. Zingeweza kuwa ushahidi mkubwa wa biashara yetu na Bahari ya Kati. Wataalamu wengi huziweka kando.

Nilipokuwa nikiandika sura hii nilitoa bahasha ya follis yangu. Mbele yake nimeandika kwa kalamu ya risasi, mstari kwa mstari: Justinian. Constantinople. Mwaka XV, 541/542. Uzito, upana. Tarehe ya kununua, na bei. Yule muuzaji alikuwa mzee mpole mwenye sanduku la mbao lililojaa, na siku ile nilikuwa na furaha mno kuuliza alikoipata. Mstari wa mwisho, nilioupigia mstari kwa rula miaka ile, unasema "Ilikotoka", na mbele yake ni karatasi nyeupe.